Kuku wa Kidato cha Kwanza

Jumatano asubuhi Mwalimu Maryam Mansuri aliingia darasa la kidato cha kwanza katika Shule ya Sekondari Mawe Manne akiwa na chaki mkono mmoja na jiwe mkono wa pili. Jiwe aliliweka juu ya meza. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, "C'est une pierre." Darasa likaitikia kwamba ni pierre. Akalinyanyua jiwe lile lile, akaligeuza ili walione vizuri, akasema, "C'est la pierre." Darasa likaitikia kwamba ni pierre.

Kosa halikuwa lao. Kiswahili hakimbebeshi mtu mzigo huo. Kitu ukikitaja umekitaja, na asiyejua ni kipi atauliza. Maryam alikuwa ameeleza tangu muhula uanze kwamba Mfaransa, kabla hajakitaja kitu, lazima aseme kwanza kama mnafahamiana nacho au la. Kisichojulikana anakitangulizia un au une, kinachojulikana le au la. Wanafunzi walimsikiliza kwa utulivu, wakawaonea Wafaransa huruma, kisha wakaendelea kusema pierre.

Witness, binti wa dawati la mbele asiyependa kudanganywa, alinyoosha mkono. "Madam, sasa jiwe nani atalijua?"

Lilikuwa swali la haki. Mawe Manne ipo upande wa Mkalama, mbele ya Kinyangiri, na huko mawe yamelala kila mahali, makubwa kwa madogo, mbuzi wanayalalia na watu wanayaanikia mtama, na hajatokea mtu aliyefahamiana na jiwe moja akaliacha jingine. Maryam alilitazama jiwe lake, akakubali kwamba ameshindwa. Akawaagiza kesho yake kila mmoja aje na kitu cha nyumbani ambacho mtu akikiona mara moja hakisahau.

Wala hakuwa na muda wa kuchezea. Kifaransa kilikuwa kimeingizwa kwenye ratiba kwa majaribio, na Mkuu wa Shule, Mwalimu Benjamin Kitundu, alimwambia sharti waziwazi: kabla ya mwaka kwisha, mthibiti ubora mmoja, ambaye watu bado wanamwita mkaguzi, lazima akae darasani kuanzia mwanzo wa kipindi mpaka mwisho, aone kwa macho yake watoto wanajifunza. La sivyo somo linafutwa. Maryam mwenyewe angebaki na vipindi vyake vya Kiswahili, hakuna aliyetaka kumfukuza. Lakini alikuwa amekipenda Kifaransa tangu chuoni, mapenzi ambayo hakuweza kumweleza hata baba yake, mwenye duka la vitenge mjini Singida. Kila alipokwenda nyumbani Mandewa, Mzee Mansuri alimuuliza swali lile lile: "Hao Wafaransa wenyewe, mwanangu, Mkalama wapo upande gani?"

Alhamisi vitu vikaja. Witness alileta mfuniko wa sufuria. Mwingine alileta redio isiyo na tumbo. Sijaona, mjukuu anayeishi na bibi yake, alikuja na kuku kwapani, kishingo mwekundu, wale wasio na manyoya shingoni, mwenye jicho la kumpima mtu.

"Shikamoo Madam. Bibi amesema nikuazime, ila arudi."

"Marahaba. Mwambie bibi atarudi," Maryam alisema.

Akamsimamisha kuku mezani. "C'est une poule," akasema, na kabla darasa halijaamua la kuitikia, Mkuu akatokea mlangoni. Nje kulikuwa na gari limezimwa sasa hivi. Walikuwa wageni wa wilaya, wamekuja kuangalia vyoo.

"Madam, huyo kuku wa nani?"

"Ni zana ya kufundishia, Mkuu."

"Zana nzuri sana," alisema Mwalimu Benjamin, akaikamata zana mabawa, akaondoka nayo.

Hakuwa mtu mbaya. Katika sehemu zile mgeni haondoki bila kuku, na mwenyeji aliyemwacha mgeni aondoke na ugali wa maharage tumboni hujadiliwa kisimani kwa muda mrefu. Mwalimu Idrissa wa Jiografia ndiye aliyechinja, kama ilivyo kawaida, maana mgeni hujui dini yake, na akichinja Muislamu kila mmoja anakula kwa amani. Mama Yunisi, mpishi, alimpika kwa nazi ya unga na vitunguu. Firigisi akapewa mkubwa wao. Wageni walikuwa wameahidi kupita madarasani baada ya chakula, lakini baada ya chakula kila mtu anajua mwili unavyokuwa. Wakasema watarudi. Wanafunzi walikula makande yao chini ya dirisha la ofisi, upande ule ambao harufu ilikuwa inatokea, na Sijaona hakula.

Ijumaa, Maryam alikuwa anaita majina wakati kuku alipoingia. Alipita mlangoni kwa mwendo wake wa kawaida, akakatiza mbele ya ubao, akarukia dawati la Sijaona, akajikunyata. Shingoni, pale pasipo manyoya, palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Maryam alimaliza kuita majina. Kisha Witness, bila kuulizwa, akanyoosha mkono.

"Madam. C'est la poule."

"Kwa nini la?"

"Si ndiye yule yule wa jana?"

Darasa zima likasema la poule, la poule, mpaka redio isiyo na tumbo, iliyokuwa bado juu ya kabati, ikatikisika. Maryam alisikia furaha ikimpanda kuanzia miguuni. Muhula mzima wa mawe haukumpa kile alichopewa na kuku mmoja kwa siku mbili. Alipomtaarifu Mkuu, Mkuu aliuliza kama kuku amerudi mzima. Mzima, Maryam akasema. Mwalimu Benjamin alifikiri kidogo, akasema hayo ni mambo mema, kwa sababu Jumatatu kuna watu wa mazingira.

Watu wa mazingira walimla Jumatatu. Jumanne alikuwa darasani kabla ya kengele. Walikuja wa chanjo, wakamla. Wakaja wa kupanda miti, kisha wa kuuliza kwa nini miti imekufa, nao wakamla. Habari za shule isiyoishiwa kuku zilifika wilayani, zikapanda mkoani, na magari yaliyokuwa yakipita barabara kuu bila kugeuza shingo sasa yalianza kukata kona. Idara ambazo hazijawahi kujua Mawe Manne iko wapi ziligundua kwamba zina wajibu nayo.

Mwanzoni Mwalimu Idrissa aliona uzito. Alipokwenda mjini alimuuliza shehe kama inafaa kumchinja kuku ambaye ulishamchinja, na shehe akamuuliza kama damu inatoka. Inatoka, alisema. Basi, alisema shehe, soma Bismillahi na uendelee. Aliendelea, ila ikawa kila asubuhi anapopishana na kuku ukumbini anamsalimia kwanza, kwa sababu si vizuri kukutana na mtu jikoni tu. Mama Yunisi hakuwa na neno isipokuwa moja: kwamba yeye peke yake shule nzima ndiye anayenyonyoa manyoya yale yale kila siku, na hakuna anayempa pole.

Siku moja tu kuku alichelewa. Aliingia kipindi cha tatu akichechemea, ana vumbi, akakaa upande. Ilibainika kwamba dereva wa wageni wa jana alifungasha paja moja akaenda nalo Dodoma. Maryam alimruhusu kuingia bila adhabu.

Bibi yake Sijaona alipopelekewa maelezo hakushangaa hata kidogo. "Nilisema arudi," alisema. "Kuku wangu wasikivu." Kilichomuudhi kilikuwa kingine. Kuku anayekufa kila siku hapati nafasi ya kutaga. Alitaga Jumapili, siku isiyo na wageni, na nyumba ile iliyokuwa ikila mayai ikawa inakula yai. Bibi alimtuma Sijaona aliseme hilo shuleni. Sijaona alilisema. Mkuu akamshukuru bibi kwa moyo wake wa kujitolea kwa ajili ya elimu.

Darasa, lakini, lilikuwa linakwenda. Kutoka kwa kuku walivuka kwenda kwenye vitu vingine. Kisu cha Mwalimu Idrissa kilikuwa le couteau, kwa sababu walikijua mpaka ufa wa mpini. Sufuria ya Mama Yunisi ilikuwa la marmite. Kilichowagomea ni mgeni tu. Maryam alijaribu kuwafikisha kwenye l'invité, mgeni yule mnayemjua, wakakataa. Kwao mgeni alibaki un invité, hata aliyekuja mara ya tatu, maana wote walikuwa na kitambi kimoja, wote waliuliza kama bwana mdogo yupo wa kuosha gari, na wote walisema watarudi kuja kuona madarasa. Hapo Maryam hakuwasahihisha.

Kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Wakaguzi wawili wa kweli, wenye mamlaka ya kulitazama somo, walikwisha kufika na kuondoka na firigisi tumboni bila kukanyaga darasani. Mwaka ulikuwa unayoyoma. Ndipo ikaja habari kwamba Bwana Michael wa ofisi ya kanda, Dodoma, mthibiti ubora wa lugha, atapita Alhamisi, na kwamba baada yake hatakuja mwingine.

Maryam alikwenda jikoni. Mama Yunisi alikuwa anachagua mchele, Mwalimu Idrissa amekaa kwenye kinu ananoa.

"Naombeni kitu kimoja," alisema. "Alhamisi msimchinje kuku mpaka kipindi changu kiishe."

"Mgeni atakaa na njaa, Madam," alisema Idrissa.

"Ndicho ninachotaka. Akiwa na njaa hatakuwa na pa kwenda. Ataingia darasani."

Mama Yunisi aliendelea kuchagua mchele. "Kuni zangu zina maji tangu jana," alisema mwishowe. "Alhamisi zitakuwa na maji zaidi."

Alhamisi kuni zilikuwa na maji. Bwana Michael alifika na tumbo la kutosha na njaa ya safari, akaonyeshwa jiko lisilowaka, akatazama saa yake, akatazama miti iliyokufa, na kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine, akaingia kidato cha kwanza. Mkuu aliingia nyuma yake akitoka jasho la aibu.

"Bonjour, Monsieur!" darasa likasimama.

Maryam alikuwa amejiandaa kama mtu anayeozesha. Alifunua tenga la kwanza. Ndani kulikuwa na kuku mweupe, aliyeazimwa kwa jirani wa shule asubuhi ile. "C'est une poule," darasa likasema, bila kusita, kwa adabu ya kumsalimia mtu mpya. Akafunua tenga la pili. Kishingo akatoka, akajikung'uta.

"C'est la poule!" Mpaka benchi la nyuma. Mpaka wale ambao hawajawahi kusema lolote katika lugha yoyote.

Bwana Michael alinyoosha kidole. "Kwa nini huyu la na yule une?"

Sijaona akasimama. "Huyu tunamjua, bwana mkaguzi. Wa vyoo walimla, wa mazingira walimla, wa chanjo walimla, wa miti walimla mara mbili. Na leo utamla wewe. Yule mweupe hatumjui, ni wa jirani."

Bwana Michael aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili, na kweli lilikuwa kamili. Maryam aliuma mdomo asicheke kwa furaha. Mkaguzi akainuka, akaja mbele. Akamchukua kishingo, akampima uzito, akamminya kidari kwa dole gumba, akauliza swali lake la pili na la mwisho kuhusu somo.

"Anataga?"

"Akipewa nafasi," alisema Sijaona, ambaye hakujua kusema uongo.

"Kuku mzuri sana huyu," alisema Bwana Michael.

Basi. Neno hilo mgeni akishalisema, mwenyeji wa sehemu zile hana la kufanya. Kuku aliyesifiwa na mgeni haliwi pale pale, anasindikizwa naye, yuko hai, miguu imefungwa. Mkuu alifurahi kuona aibu ya jiko imepata dawa. Alikwishakamata kamba ya katani. Akaagiza mweupe achinjwe kwa chakula cha mchana, na kishingo apelekwe kwenye gari.

Maryam akaona kilichokuwa kinatokea kabla ya wengine. Akamfuata Mkuu mpaka nje.

"Mkuu, naomba achinjwe."

"Nani?"

"Huyu. Kishingo. Mchinjeni sasa hivi, nakuomba."

Mwalimu Benjamin alimtazama kwa masikitiko. "Madam, kuku wa watu kapata bahati ya kwenda kuishi Dodoma, na wewe unataka achinjwe? Huna huruma?"

"Akifa atarudi! Akiwa hai amefungwa miguu, atarudi vipi?"

Sijaona alikuwa amefika, analia wazi. "Mchinjeni," alisema. "Mwalimu Idrissa, mchinje tafadhali." Mwalimu Idrissa alikuwa amesimama na kisu mkononi, tayari, na uso wake ulionyesha kwamba angefanya hivyo kwa mapenzi yote. Lakini Bwana Michael aligeuka, akaona mtoto analilia kuku auawe, akanong'ona kwa Mkuu kwamba malezi ya sasa yana matatizo. Buti la gari likafungwa. Baada ya wali mgeni aliondoka, na kuku alisikika akilalamika mpaka gari lilipovuka mlima wa mawe.

Ijumaa asubuhi darasa lilitazama mlango. Jumatatu pia. Hakuja. Hata mweupe hakurudi; hakuwa amefundishwa. Jirani aliyemwazimisha alinuna hadi mavuno, na ilikuwa haki yake.

Januari, siku ya kufungua shule, Mkuu alisimama mstarini akatangaza matokeo ya ukaguzi. Mawe Manne imepongezwa kwa ukarimu. Imeshauriwa kuanzisha somo la ufugaji bora wa kuku. Kifaransa kinafutwa kuanzia leo, kwa sababu shule imeonekana haina zana za kufundishia.

Maryam alisimama katika mstari wa walimu akitazama mbele. Aliumia, na alijua kwamba hakuna mahali pa kupeleka maumivu hayo, kwa sababu mwenye kusikiliza mashitaka ni yule yule anayekuja kula. Jioni ile alimpigia baba yake simu. Mzee Mansuri hakuuliza Wafaransa wapo upande gani. Alisema tu, "Pole, mwanangu," na hilo lilimliza zaidi.

Kipindi cha Kifaransa kikawa cha ufugaji, akapewa Mwalimu Idrissa. Alikifundisha kwa kuchora, kwa kuwa kuku hawakuwepo. Na kwa kuwa wageni hawakuwa na cha kula, magari yaliacha kukata kona, na kwa miezi michache Mawe Manne ilikuwa na utulivu ambao watu wengine wangeuita elimu.

Pasaka ikaja, ikapita. Wiki ile iliyofuata, mvua zikiwa bado zinanyesha, Maryam alikuwa kidato cha tatu akieleza vitendawili wakati ukuta ulipotikisika. Upande wa pili, wale wake wa zamani, ambao sasa walikuwa kidato cha pili, walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja.

"C'est la poule!"

La haikukosekana hata kinywani mwa mmoja. Maryam aliweka chaki chini akaenda.

Kuku alikuwa juu ya dawati la Sijaona. Alikuwa na matope mpaka tumboni, ukucha mmoja umekatika, na alionekana kama mtu aliyetembea kutoka Dodoma kwa miguu yake, kama ilivyokuwa. Shingoni, juu ya ule mstari mwembamba kama uzi, palikuwa na kovu pana, limekwenda upande. Mwalimu Idrissa, aliyekuwa ubaoni akichora banda, alikuja akaliinamia, akakasirika kweli.

"Nani kamchinja hivi?" alisema. "Hii ni kazi ya mtu?"

Maryam alimgusa kuku mgongoni. Alikuwa na joto, mifupa tu. Witness alikuwa anafuta matope kwa leso yake. Sijaona alikuwa anamwambia kuku kwamba bibi hajambo.

Kelele zikamleta Mkuu. Alisimama mlangoni, akaona, akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema Mwalimu Benjamin. "Nimepigiwa simu sasa hivi, nilikuwa sijui nifanyeje. Saa sita kuna mgeni."

"Mgeni gani, Mkuu?" Maryam akauliza.

"Mgeni tu."

"Un invité," darasa likasema, taratibu, kwa sauti moja.

Mwalimu Idrissa alifuta mikono chaki, akaenda kuchukua kisu. Aliporudi alimchukua kuku kwa mikono miwili, akampa pole ya safari, akatoka naye. Sijaona alimfuata kwa macho mpaka walipokunja kwenda jikoni, kisha akamgeukia Maryam.

"Kesho akija utakuwepo, Madam?"

"Nitakuwa kidato cha tatu."

"Basi tutasema kwa nguvu."

Maryam akarudi kwenye vitendawili vyake, na mlango akauacha wazi.